Nina notsi kibao lakini kuandika siwezi, nianzie wapi?

Dada shikamoo,

Naomba unisaidie maana nimefika mahali nimechoka kabisa. Nipo mwaka wa pili chuo, tumepewa asaimenti ya maneno 3000, mada ni kupungua kwa nyuki, na mada yenyewe naipenda sana tu, wala sio kwamba naikimbia. Nimesoma makala nyingi, nimepakua pdf, nimepiga skrinshoti, notsi nyingine ziko kwenye daftari nyingine kwenye simu, yani ukiniuliza chochote kuhusu nyuki saizi ntakujibu. Najua wapo aina zaidi ya 20,000, najua habari za Karl von Frisch aliyefumbua maana ya ile ngoma nyuki wanayocheza kuelekezana maua yalipo mpaka akapata tuzo ya Nobel mwaka 1973, najua habari za sumu za mashambani, najua ile ya Marekani mwaka 2006 wafugaji walipoanza kufungua mizinga na kukuta nyuki wametoweka. Vyote ninavyo.

Sasa shida nikikaa kuandika. Naandika sentensi mbili, nakumbuka kitu kingine, narudi kwenye notsi kukitafuta sikioni, nikija kukiona nshasahau nilitaka kukiweka wapi. Kila notsi naiona muhimu. Nimepiga hailaita mpaka kurasa zimekuwa za njano zote. Asaimenti iliyopita nilijilazimisha nikaandika hivohivo, ikarudi na kalamu nyekundu pembeni, "mawazo yanarukaruka, hakuna mpangilio", na kuna sehemu nikaambiwa maelezo yamefanana mno na makala niliyosoma, wakati sikukusudia kunakili jamani, ni vile tu notsi zangu nachukua neno kwa neno.

Tulifundishwa tuandike autlaini kwanza. Naiandika inakuwa hivi: Utangulizi, Aina za Nyuki, Umuhimu wa Nyuki, Sababu za Kupungua, Madhara, Suluhisho, Hitimisho. Alafu naiangalia na hainisaidii kitu, naiweka pembeni naendelea kuteseka. Rafiki yangu anasema niiambie tu programu ya akili mnemba initengenezee autlaini nimalize. Na swali lingine, je utangulizi ndo wa kuanza nao? Maana mimi huwa naanzia hapo na hapo ndo nakwama kuliko kote. Zimebaki kama wiki mbili.

Mdogo wako niliyekwama

*

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kitu cha kwanza nachotaka ukijue ni kwamba wewe sio mvivu na wala tatizo lako sio kutojua, maana mtu asiyejua hawezi kunitajia von Frisch na mwaka wa tuzo yake bila kufungua daftari. Shida yako iko sehemu moja tu, umekusanya kabla hujaamua unajibu swali gani. Ndo maana kila notsi inaonekana muhimu. Na ni kweli, kama kazi yako inahusu "nyuki" basi kila kitu kinachohusu nyuki ni muhimu, hakuna hata kimoja cha kuacha, ni sawa na mtu anayepanga begi bila kujua safari ni ya wapi, kila nguo itaingia.

Kwa hiyo kabla hujagusa daftari, andika swali. Moja, kwa sentensi moja, lenye alama ya kuuliza mwishoni. "Kupungua kwa nyuki" ni mada, haiulizi chochote. Jaribu kitu kama hiki: kwa nini nyuki wa kufugwa wanakufa kwa wingi, na katika sababu hizo ni zipi ambazo binadamu anaweza kuzibadilisha? Sio lazima liwe hilo, chagua la kwako, ila liwe na makali ya namna hiyo, yani likiwekwa mbele ya notsi linaweza kusema hapana. Ona sasa kinachotokea. Von Frisch na ngoma yake, habari tamu kabisa na mimi mwenyewe naipenda, haijibu hilo swali. Inatoka. Aina 20,000? Wengi kati yao ni nyuki wa porini wanaoishi peke yao, hawamo hata kwenye mizinga, na swali lako ni la nyuki wa kufugwa, nayo inatoka au inabaki kama nusu sentensi. Marekani 2006 inabaki, tena inabaki juu kabisa, kwasababu wafugaji kule waliripoti kupoteza kati ya asilimia 30 na 90 ya mizinga yao na hapo ndipo watu wengi walipoanza kuuliza swali lilelile unalouliza wewe. Dakika kumi za kufikiria swali zimekupunguzia pengine theluthi ya mzigo.

Vinavyotoka usivifute. Fungua faili moja uite akiba, vitupie humo, roho itulie. Najua inauma kuacha kitu ulichokitafuta kwa jasho lakini kikilala kwenye akiba unakiacha bila kukililia, na siku ukiandika kuhusu mawasiliano ya wadudu von Frisch yuko palepale anakusubiri.

Sasa tuje kwenye maneno muhimu, na hapa ntakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapopotea na ndipo hailaita yako ilipokuangusha. Neno muhimu kazi yake ni moja, ukiliona peke yake likurudishie hoja nzima. Haliwi muhimu kwasababu ni gumu au limeandikwa kwa herufi nzito kwenye kitabu. Tuchukue mfano. Tuseme kwenye notsi zako kuna maelezo marefu kwamba kuna utitiri mdogo unaitwa varroa, asili yake ulikuwa kwa nyuki wa Asia ambao wamezoea kuishi nao, ukaja kuhamia kwa nyuki wa asali wa Magharibi ambao hawakuwa na kinga nao, na zaidi ya kumdhoofisha nyuki unamwambukiza virusi vinavyofanya mabawa yaote yakiwa yamejikunja hivyo hawezi kuruka. Wewe ungepiga hailaita paragrafu yote. Mimi ningeandika hivi tu: utitiri, Asia, virusi, mabawa. Maneno manne. Funga ukurasa, yaangalie hayo manne, alafu ongea kwa sauti kama unamsimulia mtu. Ukiweza kusimulia, umeelewa na maneno uliyochagua yametosha. Ukishindwa, fungua tena uone ni neno gani limekosekana. Na yale maneno yanayotoka mdomoni pale ndiyo uyaandike kwenye asaimenti, kwasababu ni yako. Hii ndo dawa ya lile tatizo la maelezo kufanana na makala. Mtu anayeandika huku sentensi ya mwenzake iko wazi mbele ya macho atanakili hata kama ana nia njema kiasi gani, anabadilisha neno hapa na pale anadhani ni yake. Mtu anayeandika akiwa na maneno manne tu hana cha kunakili, inambidi aijenge sentensi mwenyewe. Ila chanzo na ukurasa viandikwe palepale kwenye notsi, kila notsi, bila kujiambia ntakumbuka. Wazo bado ni la mwenyewe hata maneno yakiwa yako, lazima umtaje.

Alafu kuna maneno ya aina ya pili, haya ni ya kupangia. Yanatoka kwenye swali lako, sio kwenye makala. Kwa lile swali nililokuandikia mimi ningechukua utitiri, sumu, malisho, hasara, hatua. Matano, yakizidi sana saba. Pitia notsi zako zote haraka, bila kuzisoma upya neno kwa neno, na kila notsi uipe neno moja pembeni kushoto. Neno "nyuki" usilitumie kabisa, kila notsi inahusu nyuki, neno linalokaa kila mahali halitenganishi chochote. Na neno ambalo limepata notsi moja tu ujue ama ulijumuishe na jirani yake ama hapo hujasoma vya kutosha, na hiyo ni taarifa nzuri kuipata wiki mbili kabla kuliko usiku wa kuamkia dedilaini. Notsi ikitaka maneno mawili, ikate, ina hoja mbili ndani.

Ongeza na neno la sita, hakiki. Hili ni la vile vitu vinavyosemwa sana ila hujaona chanzo. Najua kabisa kwenye notsi zako kuna ile kauli anayopachikwa Einstein kwamba nyuki wakiisha binadamu wana miaka minne tu ya kuishi. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kusema hivyo, na hesabu yenyewe haikai, kwasababu mahindi huchavushwa na upepo, ngano na mpunga hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nafaka zinazolisha watu wengi hazimtegemei nyuki. Taarifa yenye uzito ni kwamba karibu asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji, yani nyuki na wanyama wengine wanaohamisha chavua, angalau kwa kiasi fulani, lakini ukipima kwa ujazo wa mavuno mazao hayo ni kama asilimia 35. Hizo namba mbili ukiziweka kwenye kapu la hasara, yani kundi la notsi zenye neno hasara, zikae pamoja, utaandika paragrafu nzuri kuliko kauli yoyote ya kutisha. Mtu mwenye neno hakiki pembeni ya notsi haponyokwi na vitu kama hivi.

Kama unapenda karatasi, kuna mtindo wa Cornell, ulianzishwa na Walter Pauk akifundisha chuo kikuu cha Cornell huko Marekani miaka ya 1950. Unapiga mstari wa wima karatasi igawanyike, kushoto pembamba, kulia papana, na chini unaacha nafasi. Kulia ndo notsi, kushoto maneno muhimu, chini unaandika kwa sentensi mbili tatu ukurasa mzima ulisema nini. Kwa wewe ambaye notsi ziko daftari na simu mimi ningependa zaidi uzihamishie kwenye jedwali moja kwenye laptopu, safu tatu, neno, notsi, chanzo. Ukimaliza unaiambia programu ipange kwa safu ya kwanza kuanzia A hadi Z na ghafla notsi zote za sumu zimekaa pamoja, za utitiri pamoja, na ile kazi ya kurudi nyuma kutafuta kitu imeisha. Skrinshoti nazo zitafutie safu humo, skrinshoti isiyo na neno pembeni ni sawa na haipo, hutaiona tena.

Usidhani haya ni mambo ya kompyuta. Conrad Gessner, msomi wa Uswisi, mwaka 1548 alishaeleza namna ya kukata notsi vipande vipande na kuvipanga upya kwa mada kabla ya kuvibandika. Na Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliacha kadi karibu 90,000 alipofariki mwaka 1998, kila kadi ina wazo lake na namba yake na inaelekeza kwa nyingine, na kwenye kadi hizo alitoa vitabu vingi ajabu. Sikwambii ufike huko kwa asaimenti ya maneno 3000. Nakwambia tu kwamba wazo moja kwenye kipande kimoja kinachohamishika ni kitu kilichowafaa watu waliokuwa na habari nyingi kuliko wewe na mimi.

Haya, autlaini. Ile uliyoniandikia haikusaidii kwasababu haisemi kitu. "Sababu za Kupungua" inaweza kuwa kwenye kazi ya mtu yeyote darasani kwenu, kila mmoja akaja na jambo tofauti, kwa hiyo wewe ukikaa kuandika chini ya kichwa hicho bado hujaamua chochote, kazi yote ya kuamua inakusubiri pale huku unatakiwa pia utunge sentensi. Vitu viwili vizito kwa wakati mmoja, lazima ukwame. Autlaini inayobeba mtu ni ya sentensi. Kila mstari unadai jambo. Chukua makapu yako moja moja, soma notsi zilizomo kwa mkupuo, alafu jiulize hizi zote kwa pamoja zinasema nini, andika hicho. Kapu la utitiri linaweza kukupa: utitiri wa varroa ni adui mkubwa wa mizinga kwa sababu unasambaza virusi vinavyoharibu mabawa. Kapu la sumu: baadhi ya sumu za mashambani hazimuui nyuki papo hapo, lakini zinamvurugia uwezo wa kutafuta chakula na kurudi nyumbani. Malisho: eneo kubwa likipandwa zao moja, nyuki wanakosa mchanganyiko wa maua, na nyuki mwenye lishe duni anaumwa kirahisi. Hatua: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia mashambani sumu tatu za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi mwaka 2018, kwa hiyo sumu inaweza kuguswa na sheria, lakini utitiri hauzuiliki kwa sheria peke yake, ni kazi ya mfugaji kukagua mizinga yake.

Unaona hiyo ya mwisho? Hiyo ndo kazi yako nzima imejitokeza bila wewe kuilazimisha, kwamba sababu zinaungana, na kila moja ina mtu tofauti wa kuirekebisha. Kwenye autlaini ya vichwa vitupu usingeiona kamwe.

Mpangilio wa mistari nao uujaribu hivi, kati ya mstari na mstari weka neno la kuunganisha. Likikaa "kwa hiyo" au "lakini" au "kwa sababu" uko sawa, hoja inatembea. Ukiona kila sehemu inayokaa ni "pia", hapo una orodha tu, na orodha ndo msomaji anaiita kurukaruka. Hamisha mistari mpaka "pia" zipungue. Kuhamisha mstari ni sekunde moja, kuhamisha paragrafu tatu zilizokwisha kuandikwa ni nusu siku na machozi juu.

Na urefu usikutishe. Maneno 3000, paragrafu moja ikiwa na maneno kama 200, ni paragrafu 15 tu. Maana yake autlaini yako inahitaji mistari mikubwa mitano hivi, na chini ya kila mmoja mistari midogo mitatu, kila mdogo na notsi zake mbili tatu. Sasa huandiki asaimenti, unaandika paragrafu ya tatu ya sumu, unajua inadai nini na notsi zake ni zipi. Hata ukikatizwa ukirudi unajua ulipo. Na sio lazima uende kwa mstari, anza na kapu unalolijua zaidi.

Ukiwa katikati ya kuandika autlaini itabadilika, iache ibadilike, ila badilisha kwanza kwenye autlaini yenyewe ndo urudi kwenye maandishi, usiruhusu vitu hivi viwili viachane. Alafu ukimaliza rasimu fanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi, tengeneza autlaini kinyumenyume, kutoka kwenye rasimu yenyewe. Pitia paragrafu zako zote na pembeni ya kila moja andika maneno mawili matatu ya kile inachosema kweli, sio ulichotaka iseme. Paragrafu inayohitaji maneno ya makapu mawili, igawe. Paragrafu mbili zenye neno lilelile lakini ziko mbali mbali, zisogeze karibu. Isiyopata neno lolote, futa. Saa moja ya zoezi hilo na ile kalamu nyekundu ya "mawazo yanarukaruka" inakosa pa kuandika.

Kuhusu akili mnemba, mwambie rafiki yako asante. Ukiiomba autlaini ya kupungua kwa nyuki itakupa inayofanana sana na ile ile uliyonitumia, utangulizi, umuhimu, sababu, madhara, suluhisho, kwasababu haijui wewe umesoma nini na haijui swali lako. Unaweza kuitumia mwishoni, ukishakuwa na mistari yako, ukaiuliza mstari gani hauna ushahidi, kama chuo chenu kinaruhusu, na hilo liulize kwa mhadhiri kabla sio baada. Lakini kuamua notsi hizi zinasema nini, hapana, hiyo ndo kazi yenyewe uliyopewa.

Na utangulizi uandike mwisho. Mtu anawezaje kumtambulisha mgeni ambaye hajafika? Kwa sasa weka lile swali lako pale juu kama lilivyo, ruka, nenda moja kwa moja kwenye utitiri. Siku paragrafu zote zimesimama, rudi juu, eleza kilichowakuta wafugaji wa Marekani mwaka 2006 kwa sentensi chache, weka swali, sema kwa kifupi utalijibuje, na utangulizi umekwisha.

Dada yako